Mwani Hadubini katika Lishe ya Kondoo: Faida na Mipaka kwa Mnywaji wa Maziwa

Katika nchi zinazopakana na Bahari ya Mediterania, hususan Ugiriki, Italia na Hispania, kondoo hufugwa si kwa nyama na sufu tu, bali pia kwa maziwa. Maziwa hayo ni mazito: mafuta yake hufikia takribani asilimia 6 hadi 7, ilhali ya ng'ombe huwa karibu asilimia 4. Mengi hutengenezewa jibini, kama vile feta na pecorino. Hata hivyo, sehemu kubwa ya mafuta hayo ni ya aina iliyoshiba, ambayo yakizidi katika mlo hupandisha lehemu mbaya katika damu. Ndiyo maana watafiti wamechunguza iwapo ubora wake waweza kurekebishwa tangu horini.

Njia mojawapo ni kumlisha kondoo mwani hadubini, yaani viumbe wa majini wasioonekana kwa macho matupu. Schizochytrium, anayehesabiwa katika kundi hili, ana DHA kwa wingi. Hiyo ni asidi ya mafuta ya omega-3 inayohitajika katika ukuaji wa ubongo na retina ya mtoto tangu akiwa tumboni. Spirulina, ambayo kwa hakika ni bakteria wa kijani-buluu, ina protini nyingi lakini si chanzo cha kutegemewa cha DHA. Kwa hiyo neno "mwani" peke yake halitoshi kueleza faida.

Kondoo ni mcheuaji. Chakula chake hupitia kwanza katika rumeni, chumba kikubwa cha tumbo kilichojaa vijidudu. Vijidudu hivyo huongeza hidrojeni kwenye asidi za mafuta zisizoshiba na kuzigeuza kabla hazijafyonzwa. Kutokana na hali hiyo, ni sehemu ndogo tu ya DHA iliyoliwa inayofika katika kiwele. Hata hivyo, majaribio ya Ugiriki na Hispania yameonyesha kuwa DHA katika maziwa huongezeka, pamoja na asidi ya linoleiki kiunganifu.

Faida hiyo ina gharama. Mwani huvuruga hatua ya mwisho ya kazi ya vijidudu, na asidi za mafuta za transi huongezeka katika maziwa. Kiasi kikizidi, hasa mwani ukichanganywa na mafuta ya alizeti, mafuta ya maziwa hupungua. Na kwa mtengenezaji, hiyo ni hasara ya jibini. Aidha, asidi zisizoshiba huoksidishwa kwa urahisi, na maziwa huweza kupata ladha mbaya. Hivyo suala si kulisha mwani tu, bali kupima kipimo chake.

Mgonjwa anufaikeje na elimu hii? Kwanza, maziwa yaliyoboreshwa ni chakula, si dawa; hayachukui nafasi ya tiba ya lehemu wala ya shinikizo la damu. Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya hupendekeza miligramu 250 za EPA na DHA kwa siku kwa mtu mzima, na nyongeza ya miligramu 100 hadi 200 za DHA kwa mjamzito. Samaki wenye mafuta hubaki njia nyepesi ya kufikia kiasi hicho. Pili, lishe ya mwani haiondoi laktosi wala protini zisababishazo mzio. Mwenye mzio wa maziwa ya ng'ombe mara nyingi hudhurika pia na ya kondoo. Tatu, maziwa mabichi ya kondoo huweza kubeba vimelea vya bruselosi, kwa hiyo yachemshwe. Nne, mtoto aliye chini ya miezi sita apewe maziwa ya mama pekee, hata kama ya mnyama yamesifiwa kwa DHA.

Mhudumu wa afya aulizwapo kuhusu maziwa ya namna hii, na asome lebo pamoja na mgonjwa: DHA ni miligramu ngapi kwa kila gramu 100? Jibu la swali hilo lina uzito kuliko picha ya mwani kwenye pakiti.