Yoga kwa Mkimbiaji Aliyeumia: Kusimama Kutangulie Kujinyoosha

Mkimbiaji anayelazimika kuacha mazoezi kwa sababu ya maumivu ya kano ya kisigino, yaani ile kamba nene inayounganisha misuli ya kigimbi na mfupa wa kisigino, aghalabu hushauriwa kuanza yoga nyumbani, na ushauri huo huja pamoja na imani kwamba kilichomwumiza ni kukaza kwa misuli na kwamba tiba yake ni kujinyoosha mpaka viungo vilegee. Ushauri wenyewe una manufaa, ila imani inayoandamana nao haina msingi imara, na mwanafunzi mpya anayeifuata anaweza kuichokoza kano ile ile anayotaka ipone. Kwa mkimbiaji wa namna hii, yoga hufaa zaidi inapochukuliwa kuwa njia ya kuurudishia mwili nguvu kidogo kidogo, na ndiyo maana mikao ya kusimama inapaswa kutangulia mikao ya kujikunja na kujinyoosha.

Majeraha mengi ya kukimbia hayatokani na kuanguka wala kuteguka, bali hujengeka polepole pale mzigo unaorudiwarudiwa unapozidi uwezo wa misuli, kano na mifupa wa kuubeba na kujirekebisha kati ya zoezi moja na jingine. Hali hii huonekana sana kwa mtu aliyejiunga na kikundi cha jogingi, akajiandikisha mbio za kilomita 21 na kuongeza umbali kwa kasi ndani ya wiki chache, kwa kuwa moyo na mapafu huzoea mazoezi mapema kuliko kano. Wakati wa kukimbia, kano ya kisigino hubeba mvutano unaokadiriwa kufikia mara sita hadi nane ya uzito wa mwili, na kwa mtu wa kilo 70 hiyo ni zaidi ya kilo 400 katika kila hatua. Kano iliyozidiwa hunenepa, hukaza asubuhi mtu anaposhuka kitandani, huuma mwanzoni mwa mbio, hutulia mwili ukipata joto, kisha huuma tena baadaye. Na mtindo huo wa maumivu ndio unaowadanganya wengi waendelee kukimbia.

Sababu ya kano kupona polepole imo katika umbile lake. Sehemu kubwa ya kano ni kolajeni, protini yenye nyuzi ndefu na imara, huku seli zake hai zikiwa chache na mishipa yake ya damu ikiwa haba kuliko ile ya misuli. Mwaka 2013 watafiti wa Copenhagen, Denmark, wakiongozwa na Katja Heinemeier, walitumia njia isiyo ya kawaida kupima umri wa nyuzi hizo: majaribio ya mabomu ya nyuklia yaliyofanyika kati ya 1955 na 1963 yaliongeza kaboni-14 katika hewa ya dunia nzima, kaboni hiyo ikaingia katika mimea, vyakula na miili ya watu, hivyo kiasi chake ndani ya tishu huonyesha ni lini tishu hiyo iliundwa. Walipozichunguza kano za kisigino za watu waliozaliwa miaka tofauti, waligundua kwamba kiini cha kano hujengwa hadi umri wa takriban miaka 17 na baada ya hapo karibu hakibadilishwi tena, ilhali misuli huendelea kujifanya upya maishani. Mtu wa miaka 45 basi hukimbia kwa kiini cha kano kilichokamilika angali kijana, jambo linalostahili kuwapa subira wale wanaotarajia kupona kwa wiki mbili.

Hata hivyo kano si kitu mfu. Seli zake huhisi mvutano na kuujibu, na mzigo unaopimwa vizuri huimarisha misuli inayoivuta na kuizoesha kano yenyewe kustahimili kazi. Mwaka 1998 daktari Håkan Alfredson na wenzake nchini Sweden walichapisha matokeo ya wakimbiaji 15 wa kujifurahisha, wenye maumivu sugu katikati ya kano ya kisigino, waliopewa zoezi la kusimama kwenye ngazi kwa ncha za miguu na kukishusha kisigino taratibu, mara 15 katika mizunguko mitatu, asubuhi na jioni, kwa wiki 12. Wote 15 walirudi kukimbia kama zamani. Idadi hiyo ni ndogo, na tafiti za baadaye hazikupata mafanikio makubwa kiasi hicho kwa kila mgonjwa, lakini msingi wake umebaki kuwa nguzo ya matibabu: kano hutibiwa kwa kupewa kazi. Kuhusu kinga, uchambuzi uliochapishwa mwaka 2014 na Jeppe Lauersen na wenzake, uliokusanya majaribio 25 yenye washiriki zaidi ya 26,000, ulionyesha kwamba mazoezi ya nguvu yalipunguza majeraha ya michezo hadi chini ya theluthi moja, wakati kujinyoosha hakukuonyesha kinga yoyote.

Katika yoga, mafundisho yanayokaribiana zaidi na matokeo haya ni yale ya B. K. S. Iyengar (1918–2014), mwalimu wa Pune, India, ambaye kitabu chake Light on Yoga kilitoka mwaka 1966. Iyengar, aliyekuwa dhaifu kwa maradhi utotoni, aliipa mikao ya kusimama nafasi ya kwanza, akasisitiza mtu akae katika mkao kwa muda badala ya kuupita haraka, na akaeneza matumizi ya viti, mikanda, vipande vya mbao na ukuta ili mwili uliokaza au ulioumia ufanye zoezi bila kulazimishwa. Vifaa hivyo havihitaji kununuliwa: kanga iliyokunjwa kwa urefu hutosha kuwa mkanda, kiti imara cha jikoni hushika nafasi ya vifaa vya darasani, na ukuta upo katika kila nyumba. Tahadhari ya kweli ni sakafu, kwa maana mkeka wa ukindu huteleza juu ya vigae, na asiye na mkeka wa mpira yuko salama zaidi akisimama pekupeku kwenye sakafu kavu.

Dakika 20 hadi 30, mara tatu kwa wiki, zinatosha kwa anayeanza. Mkao wa kwanza ni wa mlima, tadasana, ambao ni kusimama wima huku uzito ukigawanywa sawa kati ya kisigino, shina la kidole gumba na shina la kidole cha mwisho. Unaonekana mwepesi, lakini mtu aliyechechemea kwa wiki kadhaa hugundua humo kwamba bado anauelemea mguu mzima. Kutoka hapo, vidole vya mikono vikigusa ukuta, anaweza kuinua visigino kwa sekunde tatu na kuvishusha kwa sekunde tatu, nyongeza iliyotoka kwa wataalamu wa fiziotherapia na inayokaa vizuri ndani ya mkao huu. Hufuata mkao wa kiti, utkatasana, ambao magoti hukunjwa kidogo kama ya mtu anayetaka kuketi, na faida yake ni kwamba goti likikunjwa kazi huhamia zaidi kwa soleasi, msuli mpana wa ndani ya kigimbi unaobeba sehemu kubwa ya mzigo wa kukimbia. Mkao wa mti, yaani kusimama kwa mguu mmoja, hujenga uthabiti wa kifundo cha mguu na nyonga; na mkao wa daraja, ambao mtu hulala chali akainua makalio, huimarisha misuli ya makalio inayosaidia kuusukuma mwili mbele. Kila mkao unaweza kudumu kwa pumzi tano tulivu kabla ya kuongezwa muda.

Mikao inayopendwa zaidi katika picha ndiyo inayopaswa kusubiri. Katika mkao wa mbwa, ambao mikono na miguu huwa sakafuni na makalio juu, mwanafunzi huhimizwa kukandamiza visigino chini. Kwa mtu ambaye maumivu yake yako pale kano inaposhikamana na mfupa, kitendo hicho huibana kano dhidi ya mfupa wa kisigino, na mbano huo huendeleza maumivu. Anayetaka kuufanya aweke mikono juu ya kiti na kuacha visigino vikae juu ya blanketi lililokunjwa. Vivyo hivyo, mkimbiaji anayeumwa chini ya kalio, mahali misuli ya nyuma ya paja inapoanzia, hujidhuru kwa kuinama sana akiwa amenyoosha magoti, ingawa hisia ya kuvutika humpa nafuu ya muda mfupi inayomfanya aamini kwamba anajitibu.

Maumivu kidogo wakati wa zoezi hayamaanishi hatari. Utafiti wa Karin Grävare Silbernagel na wenzake, uliochapishwa mwaka 2007, uliwaruhusu wagonjwa wa kano ya kisigino kuendelea na mazoezi iwapo maumivu hayakuzidi 5 katika kipimo cha 0 hadi 10, hayakuzidi kiwango hicho asubuhi iliyofuata, na hayakuongezeka wiki hadi wiki. Kwa anayefanya mazoezi peke yake nyumbani, hali ya kisigino asubuhi ni kipimo bora kuliko hisia ya papo hapo, na kuandika namba hiyo kila siku katika daftari humwokoa na kukisia.

Yapo mambo ambayo yoga haipaswi kuyagusa kabla ya daktari. Mlio wa ghafla nyuma ya mguu ukifuatwa na kushindwa kusimama kwa ncha za vidole huashiria kano iliyokatika. Maumivu ya mfupa yaliyo sehemu moja ndogo, yanayoendelea hata mtu akiwa amelala, yanaweza kuwa ufa wa mfupa. Na kigimbi kilichovimba na chenye joto kinaweza kuwa na damu iliyoganda. Jambo lisilosemwa vya kutosha ni dawa: siprofloksasini na dawa za jamii yake, ambazo watu wengi huzinunua dukani kwa matatizo ya tumbo au mkojo, zinaweza kudhoofisha kano, na tangu mwaka 2008 mamlaka ya dawa ya Marekani imetaka onyo kali kuhusu hatari hiyo. Mkimbiaji aliyezitumia karibuni amweleze daktari kabla ya kuipa kano mzigo wowote.

Kurudi barabarani huanza kwa kupishanisha dakika za kutembea na dakika za kukimbia, baada ya mguu ulioumia kuweza kuinua kisigino peke yake mara nyingi karibu sawa na ule mzima. Mikao ya kusimama isiachwe wakati huo, kwa kuwa utafiti mwingine wa Silbernagel wa mwaka huo huo wa 2007 ulionyesha kwamba wengi wa wagonjwa ambao maumivu yao yalikuwa yamekwisha kabisa bado hawakuwa wamerudishiwa nguvu zote za misuli na kano, hata mwaka mmoja baada ya kuanza matibabu.