Motokaa ya Viti Viwili Inauzwa: Tazama Kabla Hujalipa

Wahenga walisema, "Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti." Methali hiyo yawafaa wanaotamani zile motokaa za zamani za Waingereza, fupi, zenye viti viwili na paa la turubai la kukunja. Vijana wa hapa Majengo wameniuliza habari zake baada ya kuona tangazo la MGB inayouzwa. Mmoja wao yu tayari kutoa fedha yote ya kahawa ya nyumbani kwao. Basi afadhali tulizungumze jambo hili kabla fedha haijatoka mkononi.

MGB ni motokaa gani? Herufi M na G zatokana na Morris Garages, biashara ya motokaa ya mji wa Oxford. MGB ilitengenezwa Abingdon, Uingereza, tangu 1962 hata 1980, na zaidi ya 500,000 zilitoka kiwandani. Kiwanda kilifungwa mwaka huo huo wa 1980. Maana yake, hata iliyo changa kabisa imekwisha pita miaka 40. Injini yake ina silinda nne na kabureta, na ikiwa nzima hukimbia kupita maili 100 kwa saa.

Adui yake mkubwa ni kutu. MGB haina fremu ya chini kama lori. Bodi yenyewe ndiyo inayobeba mzigo wote, hasa mabati yaliyo chini ya milango. Yakioza hayo, motokaa hulegea katikati. Fungua mlango, kisha uufunge polepole. Ukikwaruza chini au ukikataa kuingia mahali pake, shuku. Tena chukua kipande cha sumaku, ukifunge kwa kitambaa ili kisiharibu rangi, ukipitishe kwenye mabati hayo. Kisiposhika, hapo pamezibwa puti na kupakwa rangi juu. Rangi mpya isikudanganye.

Halafu utazame injini ingali baridi. Fungua kifuniko cha oili. Ukikuta utelezi mweupe kama maziwa, huenda maji yameingia ndani. Uliza pia habari ya petroli. Injini hizi ziliundwa wakati wa petroli yenye risasi, na tangu 2006 petroli hiyo imekoma kuuzwa karibu katika nchi zote za Afrika kusini ya Sahara. Kama vikalio vya valvu havijabadilishwa vikawekwa vigumu, vitaliwa kidogo kidogo.

Usisahau usukani. MGB nyingi ziliuzwa Marekani, kwa hiyo usukani wake uko kushoto. Katika barabara zetu, ukiwa nyuma ya basi, huwezi kuona mbele mpaka umekwisha jitokeza njiani. Hiyo ni hatari ya kufa.

Mwisho, linganisha namba za chesisi na za injini na zile zilizoandikwa kwenye kadi ya gari. Ikiwa yatoka ng'ambo, nenda kwanza Mamlaka ya Mapato ukaulize ushuru, kwani motokaa iliyozeeka hutozwa zaidi. Muuzaji akikuharakisha ulipe leo leo, jiulize anaogopa nini.

Sisemi kwamba kila motokaa iliyotumika ni mbovu. Mwaka 1965 Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho, pamoja na ndugu yake Jaswant, walishinda mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki kwa Volvo iliyokwisha tumiwa na wengine. Lakini Joginder alikuwa fundi. Alijua alichonunua, tena alijua kukitengeneza.

Wewe je? Masika yakifika, njia ya Kibosho au ya Kilema huwa tope na mawe, na tumbo la MGB liko karibu sana na ardhi. Mama akiugua usiku, mtamweka wapi, na nani atakayemshika? Mikungu ya ndizi ya kupeleka sokoni itakaa wapi?

Mwenye fedha ya ziada, gereji kavu na fundi mwaminifu, na anunue, afurahi. Mwenye fedha ya karo na ya mbolea, akaitazame bure tu, macho hayalipi. Tena asiende peke yake: aende na fundi asiyejuana na muuzaji, na kabla ya kulipa arudi nyumbani akashauriane na wenzake.