Mwanga wa mashimo meusi watafutwa kupitia Malindi

Desemba 12, 1970, Wakenya wakiadhimisha miaka 7 ya uhuru, roketi ilifyatuliwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi. Ilibeba setilaiti ya kwanza iliyoundwa mahsusi kuchunguza eksirei za angani. Msimamizi wa mradi, Mmarekani Marjorie Townsend, akaiita Uhuru kwa heshima ya wenyeji. Ilizunguka Dunia kandokando ya ikweta, ikikamilisha mzunguko mmoja kwa dakika 96 hivi.

Uhuru ndiyo iliyoonyesha kuwa eksirei za Cygnus X-1 hupepesa upesi mno, na leo kitu hicho kinajulikana kuwa shimo jeusi. Shimo lenyewe halitoi mwanga. Kinachong'aa ni gesi inayonyonywa kutoka nyota jirani, ambayo hupata joto la mamilioni ya digrii kabla ya kumezwa.

Hapo ndipo ugumu ulipo. Mashimo mawili yakiungana mahali pasipo na gesi, hakuna cha kuwaka. Septemba 14, 2015, mitambo ya LIGO huko Marekani ilinasa mawimbi ya mvutano ya muungano wa namna hiyo. Setilaiti ya Fermi ikarekodi mmweko hafifu nusu sekunde hivi baadaye, lakini INTEGRAL, ya Ulaya, haikuona kitu. Ubishi haujaisha.

Dai zito zaidi lilihusu muungano wa Mei 21, 2019, uliozaa shimo lenye uzito wa jua 142 hivi. Wiki kadhaa baadaye darubini moja ya California iliona galaksi iking'aa kupita kawaida. Huenda shimo jipya lilirushwa likapasua gesi nzito iliyolizunguka. Lakini galaksi za aina hiyo hung'aa zenyewe pia, kwa hiyo tahadhari ya wanasayansi ina msingi.

Malindi bado imo kazini. Kwa miaka mingi dishi lake limepokea data za Swift, setilaiti iliyorushwa 2004, ambayo hugeuka haraka kutazama palipotokea mlipuko. Nyota mbili za nutroni zilipogongana Agosti 2017, Swift iliuona mwanga wake wa urujuanimno.

Kwa mashimo meusi mawili, mwanga unaokubaliwa na wote haujapatikana. Tangu Aprili 2019 taarifa za mawimbi hutangazwa hadharani mara tu yanaponaswa. Mwalimu wa fizikia wa Kasongo au Kabambare, huko Maniema, mwenye intaneti azisome na wanafunzi wake.