Stesheni ya Arusha, Reli Inapoishia

Anayetoka Oldonyo Sambu kwenda pwani huanza safari kwa kushuka. Gari linateremka bega la magharibi la Mlima Meru, linapita Ngaramtoni, linapita Sakina, na baada ya kilomita kama 30 liko mjini Arusha. Huko, upande wa kusini wa mji, si mbali na Unga Limited, ndiko inakoishia reli iliyoanzia Tanga. Hapo ndipo mwisho. Barabara inaendelea hadi Namanga na kuvuka mpaka, lakini reli haikupanda kwenda Oldonyo Sambu wala Longido.

Je, wajua kwamba hata kufika hapo Arusha treni imekwishafanya kazi kubwa? Moshi, mji ambao reli inaupitia kabla ya Arusha, iko karibu mita 800 juu ya usawa wa bahari. Arusha iko karibu mita 1,400. Kati ya miji hiyo kuna kilomita 86 za reli. Ukigawanya, utaona treni inapanda mita 7 kwa kila kilomita, kwa wastani. Mtu anayetembea kwa miguu kwenye mwinuko huo hatahisi kitu, na ng'ombe wa kuswagwa hatapunguza mwendo. Treni inahisi sana.

Siri iko kwenye gurudumu. Gurudumu la chuma likikaa juu ya reli ya chuma, vinagusana mahali pasipozidi ukubwa wa sarafu. Msuguano ni mdogo mno, na hiyo ndiyo sifa kuu ya treni: kwenye tambarare, treni ya tani 500 inayokwenda mwendo wa wastani huvutwa kwa nguvu ambayo ingeinua mzigo wa tani moja hivi. Lakini ipeleke treni hiyo hiyo kwenye mwinuko wa mita 7 kwa kilomita, na uzito wake wenyewe unairudisha nyuma kwa tani tatu na nusu zaidi. Mzigo haukuongezeka hata gunia moja, ila kazi ya injini imezidi mara nne. Tena ule utelezi uliosaidia tambarare unageuka kuwa adui, maana gurudumu likikosa kushika, linazunguka palepale. Ndiyo sababu kichwa cha treni hubeba mchanga mkavu na kuumwaga juu ya reli, mbele ya magurudumu yake, kinaposhindwa kupanda. Lori la kupanda Ngaramtoni halihitaji hayo. Matairi yake ya mpira yanashika lami. Nalo hulipa kwa mafuta mengi zaidi kwa kila tani.

Reli yenyewe ilipanda polepole sana kutoka baharini. Wajerumani walianza kuijenga Tanga mwaka 1893. Kampuni iliyopewa kazi ilifilisika ikiwa imejenga kilomita 40 tu, na serikali yao ikaichukua reli mwaka 1899. Korogwe ilifikiwa mwaka 1902, Mombo 1905, na Moshi 1911. Hesabu hiyo inastahili kutazamwa vizuri: kilomita 352 kwa miaka 18. Wengi wa waliochimba tuta na kubeba mataruma ni watu wa nchi hii, na majina yao hutajwa kwa nadra. Inaniuma kila nikisoma historia ya reli hii inayotaja wahandisi peke yao.

Vita Kuu ya Kwanza iliiunganisha reli hii na Kenya: jeshi la Waingereza lilijenga njia kutoka Voi kupitia Taveta hadi Kahe, kusini ya Moshi. Vita ilipokwisha, Waingereza wakaongeza kipande cha mwisho, na mwaka 1929 treni ikafika Arusha. Kahawa ya miteremko ya Meru ikapata njia ya chuma hadi bandarini. Mwaka 1963 kikajengwa kiungo cha Ruvu na Mnyusi, na kwa mara ya kwanza behewa lililopakiwa Arusha liliweza kufika Dar es Salaam bila kutoka Tanganyika.

Stesheni ya mwisho kwenye njia moja si jengo la kukatia tiketi tu. Njia moja maana yake treni mbili haziwezi kukutana ila mahali penye reli ya kupishana. Kwa hiyo stesheni masta kwanza huwasiliana na mwenzake wa stesheni ya mbele, anahakikisha kipande kilicho kati yao ni cheupe, yaani hakina treni, ndipo dereva anapewa kibali cha kuondoka. Bila kibali mkononi, treni haitoki, hata kama abiria wote wameketi na jua linazama. Nidhamu hiyo ni ya zamani kuliko redio na kompyuta, na imeokoa watu wengi.

Kuna jambo lingine ambalo abiria hulisikia usiku kucha bila kulijua. Ule mlio wa taka-taka, taka-taka unatoka kwenye maungio. Chuma hurefuka kinapopata joto: kipande cha reli cha mita 12, joto lake likiongezeka nyuzi 30 kati ya alfajiri na mchana, kinarefuka milimita 4 hivi. Mafundi huacha nafasi ndogo kati ya kipande na kipande. Wasipoacha, reli itapinda mchana wa jua kali. Kila gurudumu linalovuka nafasi ile linagonga.

Waliosafiri kwenda Nairobi na kuingia Makumbusho ya Reli wameona injini mbili kubwa za mvuke, kila moja na uzito wa zaidi ya tani 250. Zilitengenezwa Manchester, Uingereza, katikati ya miaka ya 1950, zilikuwa 34 za aina hiyo, na Shirika la Reli la Afrika Mashariki lilizipa majina ya milima. Moja ya zile mbili inaitwa Mount Gelai, mlima ulio ukingoni mwa Ziwa Natron wilayani Longido. Nyingine ni Mount Shengena, kilele cha Upare, nchi ambayo reli ya Tanga inaipita chini yake. Zilivuta mizigo kati ya Mombasa na Nairobi. Milima ya kwetu ilisafiri kwenye reli za Kenya.

Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, Tanzania ikaunda shirika lake, na njia ya Taveta ikafungwa. Baadaye treni ya abiria ya Arusha nayo ikakoma. Kwa takriban miaka 30 majani yaliota kati ya mataruma, na mtoto aliyezaliwa Arusha aliweza kukua, kuoa na kulea bila kuona behewa la abiria mjini kwake. Njia ikafufuliwa kwa awamu: mizigo na abiria wakafika Moshi mwaka 2019, na tarehe 24 Oktoba 2020 Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akazindua tena safari ya abiria kati ya Dar es Salaam na Arusha. Mtu wa daraja la tatu na mtu wa daraja la kulala walishuka kwenye stesheni ile ile.

Treni ikishafika Arusha, kichwa hufunguliwa kutoka kwenye mabehewa, hupita njia ya pembeni, na kufungwa upande wa pili, kikielekea Moshi. Kisha mabomba ya breki huunganishwa, behewa kwa behewa. Breki hizi zimeundwa kinyume na tunavyodhani: bomba likikatika, zenyewe zinakaza. Kabla ya kushuka zile mita 600 hadi Moshi, breki hupimwa hadi behewa la mwisho, na stesheni masta anapiga simu kuuliza kama kipande cha mbele ni cheupe.