Moto wa Kulala Nao: Gesi au Umeme katika Baridi ya Tarime

Watu wa pwani wakisikia jina la Mara huwaza jua la Serengeti na nyumbu wavukao mto. Mwenye kutaka kuijua Mara ya pili na apande Tarime mwezi wa Juni au Julai, alale huko usiku mmoja tu. Ziwa Victoria lenyewe limekaa mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, nao mji wa Tarime umepanda juu zaidi, kiasi cha mita 1,500. Upepo wa usiku katika vilima vile hupenya bati, hupenya dirisha, hupenya hata blanketi la pili. Mugumu, makao makuu ya wilaya ya Serengeti, kuna afadhali kidogo, walakini huko nako wakati wa alfajiri mtu hatii mkono katika maji ya udhu bila kusita.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa mgeni katika nyumba moja si mbali na mji wa Tarime. Mzee mwenyeji wangu aliona jinsi nilivyokuwa nikijikunyata, akaniletea chumbani jiko la mkaa. "Mwalimu," akaniambia, "mkaa huu umekwisha shika, hauna moshi tena. Funga mlango, ulale." Nikamshukuru, nikafunga mlango, nikalala usingizi mzuri sana. Saa tisa za usiku niliamka kichwa kinagonga kama kinapasuliwa na moyo unanichafuka. Nikataka kusimama, miguu ikakataa, nikaanguka. Baada ya rehema ya Mwenyezi Mungu, kilichoniokoa ni kwamba mke wa mzee alikuwa ameamka kusali. Akasikia kishindo, akamwamsha mumewe, na mumewe akausukuma mlango. Nilitolewa uani nikakaa juu ya kigoda, baridi ile ile niliyoikimbia ikinipiga usoni, na kwa hewa yake nikapona.

Mzee yule hakuwa mjinga. Kosa lake ni kosa la nyumba nyingi: kudhani kwamba sumu ya moto ni moshi, na kwamba moshi ukikwisha sumu nayo imekwisha. Mambo sivyo yalivyo. Mkaa unaowaka katika hewa haba hutoa hewa iitwayo kaboni monoksidi, nayo haina rangi, haina harufu, wala haiwashi macho. Ikiingia mapafuni hushikamana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, hata damu ikawa inazunguka mwilini bila kuchukua kile ambacho mwili unakihitaji. Mtu huumwa kichwa, huona kizunguzungu, hutapika, hulegea. Na aliyekwisha lala hupita katika hali hizo zote pasipo kuamka. Mtoto aliyemo tumboni mwa mama yake hudhurika kabla ya wengine.

Watu wengine huweka bakuli la maji karibu na jiko, ati maji yatainyonya sumu. Hewa hiyo haiyeyuki katika maji ila kidogo mno, kwa hiyo bakuli hilo halifai kitu. Na wengine humnywesha maziwa aliyezidiwa. Maziwa nayo hayasaidii: dawa yake ni kumtoa nje mara moja na kumfikisha hospitali apewe oksijeni, na mganga aambiwe waziwazi kwamba mkaa ulikuwa ndani.

Jambo hili si geni katika mafundisho yetu. Bukhari na Muslim wamepokea khabari ya nyumba iliyoungua usiku mjini Madina na watu wake wakiwamo, na kwamba Mtume (s.a.w.) alipoambiwa aliutaja moto kuwa ni adui wa watu, akawaagiza wauzime wanapokwenda kulala. Katika pokeo jingine ametajwa hata panya, kwamba huweza kuuvuta utambi wa taa akawateketezea watu nyumba. Anayedhani kwamba khabari ya panya imepitwa na wakati na apande darini akazitazame nyaya za umeme zilivyotafunwa.

Mwaka huu mtoto wa mzee yule ameniletea swali. Sasa ni kijana mwenye mke na watoto. Ubavuni mwa nyumba amejenga banda la matofali, ukubwa wake mita 4 kwa 3, na mlango wake mmoja unaingia nyumbani. Humo huweka pikipiki yake. Mkewe huketi humo na cherehani. Na mara nyingine hufuga humo vifaranga. Mkaa amekwisha uapia kwamba hautaingia ndani tena. Anauliza: alitie joto banda hilo kwa hita ya gesi au ya umeme? Nimeona nimjibu hapa, kwa sababu najua nyumba nyingi za Tarime, Sirari, Nyamongo na Mugumu zina banda kama hilo, na zisizo nalo zina chumba kisicho na dirisha la kutosha.

Kwanza yatupasa kuijua gesi yenyewe. Wengi hudhani kwamba gesi ya mtungi ndiyo ile ya Songo Songo na Mtwara. Ile ni nyingine; hupita katika mabomba, na sehemu yake kubwa huendesha mitambo ya umeme. Gesi ya mtungi huja kwa meli kutoka ng'ambo, hushushwa Dar es Salaam na Tanga, kisha husafiri kwa gari. Kutoka Dar es Salaam hadi Tarime ni zaidi ya kilomita 1,300, na kila kilomita ina sehemu yake katika bei.

Kilo moja ya gesi hiyo ina joto linalokaribia uniti 13 za umeme. Basi mtungi wa kilo 6 una kiasi cha uniti 77. Hita ya gesi ya kawaida ikifunguliwa sana hutumia gramu 300 kwa saa. Ukiiwasha saa tatu kila jioni, mtungi wa kilo 6 hautamaliza juma. Joto lake, hakika, ni zaidi ya mara mbili ya lile la hita ndogo ya umeme, na umeme ukikatika yenyewe haizimiki. Hizo ndizo sifa zake, nami sizikatai.

Walakini moto wa gesi hula hewa. Kilo moja ikiungua humaliza oksijeni yote iliyomo katika mita za ujazo 15 hivi za hewa ya Tarime. Banda la kijana wetu lina mita 30. Maana yake, jioni tatu au nne hazihitajiki. Jioni moja tu ya saa tatu, banda likiwa limefungwa kabisa, ingekula karibu nusu ya oksijeni iliyomo, na binadamu hafiki huko akiwa hai. Tena hewa inapopungua, moto huo nao huanza kutoa kaboni monoksidi kama mkaa. Utaujua kwa kuwa mwali wake huacha ubuluu ukageuka wa njano wenye masizi. Juu ya hayo, kilo moja ya gesi ikiungua hutoa zaidi ya kilo moja na nusu ya maji kwa njia ya mvuke, yanayotua juu ya kuta, nguo na vyuma. Mwenye cherehani ataiona kutu.

Ndiyo kusema hita ya gesi haitaki chumba kilichofungwa. Hutaka tundu la chini na tundu la juu, yasiyozibwa kamwe. Sasa ukiyafungua matundu hayo Tarime mwezi wa Julai, joto ulilolinunua latoka na baridi uliyoikimbia yaingia. Mimi sioni faida yake kwa chumba cha kulala, wala sitamshauri mtu yeyote alale nayo.

Na umeme je? Hita ya umeme haili hewa wala haitoi sumu. Kila uniti uliyoilipia hugeuka joto ndani ya chumba. Khatari yake ni nyingine: waya mwembamba unaochemka, soketi iliyolegea, hita iliyosogezwa karibu na chandarua, na nyumba isiyo na waya wa kupeleka umeme ardhini. Hita na ichomekwe katika soketi ya ukutani peke yake, si katika ile plagi ya vichwa vingi yenye redio na simu tatu. Na fundi aje atazame kwanza kama nyaya za nyumba zaweza kuubeba mzigo huo.

Gharama ndiyo iwatishayo watu, basi tupige hesabu. Kwa bei zilizotangazwa na EWURA mwaka 2016, bila kodi, nyumba yenye matumizi madogo hulipa shilingi 100 kwa uniti hadi uniti 75 kwa mwezi, na kila uniti iliyozidi hulipiwa 350. Nyumba ya matumizi ya kawaida hulipa 292. Hita ya wati 1,500 ikiwashwa saa tatu kila usiku itakula uniti 135 kwa mwezi. Kwa bei ya 292 hizo ni shilingi 39,420. Nyingi! Lakini hita ya wati 1,000 ikiwashwa saa moja tu kabla ya kulala, kisha ikazimwa kama tulivyofundishwa, itakula uniti 30 kwa mwezi. Na mwenye nyumba ya matumizi madogo, ikiwa taa na redio yake hazimvushi ile 75, atalipa shilingi 3,000. Anayetaka kuilinganisha gesi na aichukue bei ya mtungi wa kilo 6 dukani kwake, aigawe kwa 77, aone kila uniti ya joto imemfikia kwa shilingi ngapi. Ikizidi 292, umeme umeishinda hata kwa nyumba ya kawaida.

Kwa hiyo jibu langu kwa chumba ni umeme, kwa saa chache, na uzimwe.

Kwa banda, jibu langu litamkera kijana wetu. Maadamu pikipiki imo humo, na pengine dumu la petroli pembeni, asitie hita ya aina yoyote. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Hutambaa sakafuni kama maji hata uupate moto, na waya mwekundu wa hita ni moto vile vile kama mwali wa gesi. Gesi ya mtungi nayo ikivuja hushuka chini na kujikusanya. Viwili hivyo katika banda moja, pamoja na mlango unaoingia nyumbani walikolala watoto, ni jambo nisilotaka kuliwaza. Pikipiki na ijengewe kipaa cha bati nje, na dumu lisikae nyumbani kabisa. Hapo tena mkewe atashona karibu na hita yake ndogo bila hofu, na vifaranga watatosheka na taa: taa ya wati 100 ikiwaka saa 10 hula uniti moja.

Sikusema kwamba gesi haina kazi. Kazi yake ni jikoni. Mwezi Mei mwaka 2024 serikali ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia, unaokusudia kwamba asilimia 80 ya Watanzania waitumie ifikapo 2034. Kwa watu wa Serengeti jambo hili lina uzito wake, kwa kuwa kuni za vijiji vilivyo mpakani mwa hifadhi zinapungua, na mwanamke anayezifuata mbali hukutana ama na mnyama ama na askari wa hifadhi. Ugali wa muhogo na mtama unaosongwa kwa nguvu wataka moto mkubwa na sufuria isiyoteleza, na hapo gesi ni bora. Maharage na makande yafaa yapikwe katika jiko la umeme la presha, maana kuyachemsha kwa gesi saa mbili ni kuuchoma mtungi. Mtungi wenyewe usimame wima, nje ya ukuta, kivulini. Mpira wake upakwe povu la sabuni kila unapobadilisha mtungi, na povu likifanya mapovu makubwa mahali fulani, hapo ndipo panapovuja.

Na daku ya Ramadhani, na maji ya udhu? Birika la umeme. Lita 2 za maji baridi huchemka kwa kiasi cha uniti 0.2, yaani shilingi 20 kwa bei ndogo, au 58 kwa bei ya kawaida. Hapa ndipo nilipojifunza jambo kwa mke wa mzee, ambalo mimi mwenye kuitwa mwalimu sikulifikiri. Yeye hana hita. Kila jioni huchemsha birika moja, huacha maji yapoe kidogo, huyatia katika ule mpira wa maji ya moto uuzwao katika maduka ya dawa, huufunga kwa kitambaa na kuuweka chini ya blanketi miguuni mwa mzee.

Nilipowatembelea mara ya mwisho nilipewa nami wangu. Jiko la mkaa nililiona uani, chini ya mwembe, watoto wakichoma juu yake mahindi mabichi.