Kabla ya Mbegu, Mpaka wa Shamba

Chukudu (baiskeli za mbao) zilizosheheni viazi na makaa hushuka kutoka Kibumba na Kibati hadi masoko ya Goma, katika Kivu Kaskazini, mashariki mwa Kongo. Jibini, maharage na maziwa hutoka Masisi. Mji huu unalishwa na milima inayouzunguka, na milima hiyo ndiyo iliyohamwa na wakulima wake mara nyingi tangu Machi 1993, mapigano yalipozuka Ntoto, katika eneo la Walikale, kisha yakaenea Masisi.

Msaada uliowafuata wakulima hao ulizoeleka: jembe, mbegu, turubai. Ulihitajika, na bado unahitajika. Lakini mbegu ya maharage inataka miezi mitatu ardhini, na kwa familia nyingi swali gumu ni kama mwezi wa tatu utawakuta bado shambani. Jirani aweza kudai mpaka umesogezwa. Mwenye shamba kubwa la konsesheni aweza kuleta ng'ombe. Aliyekimbia vita aweza kurudi na kukuta mwingine amekwisha kupanda.

Sheria haikuwasaidia sana. Sheria ya ardhi ya Julai 1973 ilitangaza kwamba ardhi yote ni mali ya taifa. Kuhusu mashamba yanayomilikiwa kimila, ilisema tu kwamba amri ya rais ingekuja kuyapangia utaratibu. Miongo ikapita bila amri hiyo. Mwaka huohuo wa 1973 mashamba makubwa ya wakoloni yakaanza kugawiwa watu wenye nguvu za kisiasa, na wanakijiji waliokuwa wakilima humo wakajikuta wapangaji. Huko Masisi wapo wanaolipia kipande chao kwa salongo: siku kadhaa za wiki humlimia mwenye ardhi, zinazobaki ndizo zao.

Hapo ndipo kazi ya mashirika kama Aide et Action pour la Paix na Forum des Amis de la Terre, yote ya Goma, inapopata uzito wake. Wapatanishi wao huanza kwa kumsikiliza kila upande peke yake. Kisha hutembea mpakani pamoja na wazee, majirani na shefu wa kijiji, kila mmoja akionyesha anachokumbuka: mti, jiwe, kijito. Wakikubaliana, mpaka hupandwa miti, makubaliano huandikwa na kutiwa sahihi, na kila upande hubaki na nakala. Kwa mpangaji, karatasi hutaja kodi na muda, ili asifukuzwe mazao yakiwa mabichi. Jina la mke liandikwe pia. Mjane asiye na karatasi ndiye wa kwanza kunyang'anywa.

Njia hii ina mipaka yake. Majirani wawili maskini hupatana upesi kuliko mkulima na tajiri anayelindwa na bunduki, na hakuna mpatanishi anayeweza kumtoa mwenye silaha shambani. Shirika linaloahidi zaidi ya hapo linawadanganya watu.

Kando ya ardhi kuna fedha. Vikundi vya akiba na mikopo vya AVEC, ambavyo mfumo wake ulianzia Niger mwaka 1991, vimeenea Kivu: wanachama huweka akiba kila wiki katika sanduku lenye kufuli tatu, hukopeshana, na mwisho wa mzunguko hugawana. Watu wa makabila yasiyoaminiana wakikaa kwenye sanduku moja, kila mmoja ana sababu ya kutaka mwenzake avune.

Mwisho wa Januari 2025 waasi wa M23 waliuteka Goma na benki zikafungwa. Februari, kambi za waliokimbia vita kama Bulengo na Lushagala zikavunjwa, na mamia ya maelfu ya watu wakarudi vijijini bila chakula wala uhakika wa shamba. Siku hizohizo Marekani, iliyokuwa mfadhili mkubwa kuliko wote nchini Kongo, ilikuwa imesimamisha misaada yake. Miradi ikakatika katikati ya msimu.

Wapatanishi wa vijijini walibaki, kwa kuwa ni wenyeji. Wanaorudi wanawaletea mashauri mapya: nani alime, nani asubiri, na aliyekwisha kupanda apewe muda gani wa kuvuna kabla ya kumwachia mwenye shamba.