Ngozi ya Mapaja Baada ya Kupungua: Unanunua Nini Hasa?

Fundi wangu wa Temeke amelibana gauni moja la kitenge mara tatu ndani ya miaka miwili. Mara ya tatu alizungusha futi kiunoni, akashuka nayo hadi kwenye paja, akasita. "Dada, kiuno tumekimaliza, mikono tumeimaliza. Ila hapa..." Hakuendelea, akaandika namba yake kwenye daftari. Nilikuwa nimepungua kilo 46. Watu walinipongeza kila kona, na mimi nilikuwa natembea nikiwa nimebeba ngozi ya mtu niliyekuwa zamani, inaninginia mapajani kama soksi iliyolegea mpira.

Nikaanza kuulizia, nikiwa na daftari na kalamu, kama ninavyoulizia friji. Muda si mrefu niligundua kwamba kila muuzaji alikuwa akijibu swali tofauti. Wa krimu alizungumzia ulaini. Wa mashine alizungumzia "kukaza". Daktari wa upasuaji alizungumzia mshono. Mimi mwenyewe nilikuwa sijajiuliza kinachonisumbua ni nini: mapaja kusuguana na kuchubuka, umbo ndani ya suruali, au ninachokiona bafuni nikivua kanga? Hayo ni matatizo matatu, na bei zake hazifanani hata kidogo. La kwanza linamalizwa kwa pesa ya sokoni. La tatu linakula mamilioni na kuacha kovu la maisha.

Tuanze na la kwanza, kwa sababu ndilo linalodharauliwa. Ngozi inayogusana kwenye joto la Dar es Salaam hutoa jasho lisilokauka, kisha hubabuka, kisha fangasi huingia. Dawa ya kwanza ni kitambaa kikae katikati. Taiti inayofika karibu na goti, isiyobana kinena, ivaliwe chini ya dera au sketi. Nilinunua tatu, shilingi 7,000 kila moja, ili kila siku niwe na moja mwilini, moja kambani na moja ya akiba. Nikaongeza mafuta ya mgando kabla ya kutoka nyumbani, na krimu ya zinki ile wanayopakwa watoto walioungua na pampasi, kwa siku ambazo pameshawaka. Vyote havikufika shilingi 40,000. Nilipata nafuu ndani ya wiki moja, na nikajiona mjinga kwa mwaka mzima niliotembea nimepanua miguu.

Hapa pana mtego wa duka la dawa. Ukieleza kwamba mapajani panawasha, ni rahisi sana kupewa tyubu ya mchanganyiko: dawa ya fangasi, ya bakteria na steroidi ndani ya chombo kimoja. Inatuliza haraka, ndiyo maana inapendwa. Lakini steroidi kali ikipakwa mara kwa mara kwenye mikunjo huifanya ngozi kuwa nyembamba na kuichora michirizi, yaani inakuongezea kile kile unachokikimbia. Kwa fangasi wa kawaida, klotrimazoli peke yake inatosha, na ni rahisi zaidi. Fangasi wakirudi kila mwezi, pesa ya tyubu nyingine ipeleke kwenye kipimo cha sukari. Na mkorogo, kwa wanaopaka hadi mapajani ili rangi ilingane, mara nyingi huwa na steroidi hizo hizo au haidrokwinoni. Ngozi iliyochoshwa hivyo hupona vibaya siku ikikutana na kisu.

Tatizo la pili, umbo ndani ya nguo, linaguswa kidogo na mazoezi. Paja lina misuli mikubwa, na misuli ikijaa huchukua sehemu ya nafasi iliyoachwa na mafuta. Kuchuchumaa na mzigo, kupanda ngazi, kunyanyua vyuma mara mbili tatu kwa wiki, pamoja na protini ya kutosha: maharage, dagaa, mayai, kuku. Upande wa nyuma na wa mbele utaona tofauti. Upande wa ndani, juu karibu na kinena, usitegemee sana, maana ngozi ya hapo ni nyembamba na misuli yake haijai kiasi cha kuinyoosha. Suruali iliyobanwa na fundi hodari ilinisaidia zaidi ya miezi mitatu ya gimu, ingawa gimu sijaiacha.

Sasa tufike sokoni hasa, kwenye bidhaa za bei ya kati, ambako nadhani ndiko pesa nyingi zinakopotea.

Ngozi huvutika na kurudi kwa sababu ya nyuzi za kolajeni na elastini. Ikitanuka kwa miaka mingi, nyuzi hizo hukatika na kupangika ovyo, na mwili wa mtu mzima hautengenezi elastini mpya ya maana. Umri, sigara, kilo ulizopunguza na miaka uliyokaa na unene ndivyo huamua itarudi kiasi gani. Mwaka wa kwanza hadi wa pili baada ya uzito kutulia ngozi huweza kujivuta kidogo yenyewe. Kinachobaki baada ya hapo kimebaki. Krimu ya kukaza hulainisha tabaka la juu, na yenye retinoli huweza kuboresha mwonekano wa ngozi nyembamba yenye mikunjo midogo, basi. Hakuna krimu inayokula sentimita tano za ngozi. Unga wa kolajeni unaochanganywa kwenye chai una tafiti zinazoonyesha ngozi kuwa na unyevu na mnyumbuko zaidi kidogo, nyingi zikiwa zimelipiwa na watengenezaji, na hakuna anayedai kwa uaminifu kwamba hupandisha paja lililoanguka. Kwa pesa ya kopo moja unapata trei kadhaa za mayai.

Mashine zinahitaji maelezo zaidi kwa sababu hazisemi uongo wote. Zile za mawimbi ya redio hupasha joto tabaka la chini la ngozi na kuichochea itengeneze kolajeni. Kwa ulegevu mdogo hufanya kazi, na kwetu wenye ngozi nyeusi zina nafuu moja kubwa: joto lake halitegemei rangi ya ngozi, tofauti na leza nyingi ambazo mwanga wake hunyonywa na melanini na kuacha majeraha au madoa zikiwekwa na mkono usiojua. Lakini mtu aliyepungua kilo 40 au 50 hana ulegevu mdogo. Fanya jaribio hili ukiwa umesimama: bana ngozi ya ndani ya paja kwa vidole. Ukishika mkunjo unaojaa kiganja, mashine haikuhusu. Mashine ya kugandisha mafuta ndiyo haikuhusu kabisa, kwani inaua seli za mafuta, na mfuko uliopungukiwa mafuta huzidi kuning'inia. Kunyonya mafuta peke yake kuna kasoro hiyo hiyo.

Ukishawishika, piga hesabu kwanza. Tuseme kikao ni shilingi 200,000 na umeambiwa sita, kisha kimoja kila baada ya miezi minne kulinda matokeo. Mwaka wa kwanza ni milioni 1.2, na kila mwaka unaofuata ni 600,000. Baada ya miaka mitano umelipa milioni 3.6, ngozi ingali pale, na umekula sehemu nzuri ya pesa ya upasuaji. Salon moja ya hapa mjini ilinitaka nilipe vikao vyote mapema ili nipate punguzo. Niliomba picha za wateja waliopungua kama mimi, si za wasichana wa miaka 22. Hawakuwa nazo.

Kinachoondoa ngozi ni kisu. Kuna aina mbili unazopaswa kuzitofautisha kabla ya kuulizia bei. Ya kwanza hukata kipande chenye umbo la mwezi mwandamo kwenye kinena na kuivuta ngozi juu. Kovu linajificha, lakini inasaidia theluthi ya juu tu ya paja. Ya pili huongeza mkato wa wima kutoka kinena kushuka hadi karibu na goti, upande wa ndani. Hiyo ndiyo inayowafaa wengi waliopungua kilo nyingi. Kovu lake ni refu na halifichiki ukivaa kaptura. Tangu daktari Mmarekani Ted Lockwood alipoeleza mwaka 1988 namna ya kuifunga ngozi kwenye utando imara wa kinena, makovu kushuka na sehemu za siri kuvutwa kumepungua, ila hakujakwisha. Muulize daktari anafunga wapi. Anayejua atakuchorea.

Paja la nje ni habari nyingine: huinuliwa zaidi na upasuaji unaozunguka kiuno, ule unaoondoa ngozi ya tumbo na makalio. Kwa hiyo kama tumbo nalo linakusumbua, kawaida huanza hilo, paja la ndani likafuata miezi kadhaa baadaye. Anayeanza na paja kwa kuwa ni rahisi zaidi anaweza kujikuta analipia paja hilo hilo mara mbili.

Na bei? Marekani, chama cha madaktari bingwa wa upasuaji rekebishi hutangaza wastani wa malipo ya daktari kwa upasuaji wa mapaja, nao umevuka dola 5,000. Soma maandishi madogo: ni malipo ya mkono wa daktari tu. Nusu kaputi, chumba cha upasuaji, kitanda, vipimo na nguo ya kubana havimo. Uingereza, huduma ya afya ya taifa kwa kawaida hailipii, isipokuwa kwa maombi maalumu. Kwetu bima nazo huuita urembo. Dar es Salaam, hospitali ya Mloganzila, ambako watu huwekewa puto tumboni ili wapungue, ni mahali pa kuanza kuuliza kuhusu upasuaji rekebishi, kabla ya kwenda binafsi. Popote uendapo, omba makadirio ya maandishi yenye mistari hii: daktari, mtaalamu wa nusu kaputi, chumba, siku za kulala, dawa, nguo ya kubana, kufunga vidonda, na nani analipa mshono ukiachia. Bei mbili zisizo na mistari hiyo hazilinganishiki.

Mstari wa mwisho ndio mzito. Upasuaji wa mapaja unajulikana kwa vidonda vinavyochelewa kupona, hasa pale kwenye kinena ambako mshono wa wima hukutana na wa mlalo, penye jasho na karibu na choo. Maji hukusanyika chini ya ngozi, miguu huvimba, damu huganda kwenye mishipa. Kwetu ongeza kovu nene na keloidi. Mwenye keloidi sikioni au begani aionyeshe siku ya kwanza.

Kuhusu safari, India imezoeleka na Watanzania na Wakenya kwa matibabu, na bei zake huvutia. Uturuki inauza vifurushi, tumbo na mikono na mapaja ndani ya wiki moja. Wizara ya Mambo ya Nje ya Uingereza ilisema Waingereza sita walifariki Uturuki mwaka 2023 baada ya taratibu za kitabibu. Usiiogope nchi, ogopa ratiba: upasuaji mrefu, kisha saa nyingi kwenye ndege, miguu imekunjwa, damu tayari kuganda. Jumlisha tiketi mbili, maana huwezi kwenda peke yako, hoteli ya wiki mbili au tatu, na daktari wa nyumbani atakayekubali kuushika mshono wa mwenzake. Wengi hukataa. Kukaa nyumbani nako si kinga. Nairobi, Oktoba 2024, mwanamke alifariki baada ya kunyonywa mafuta, na baraza la madaktari la Kenya likaifunga kliniki. Jina la daktari litafute kwenye rejesta ya baraza, Kenya au Tanganyika, na hakikisha ubingwa wake ni wa upasuaji rekebishi, si wa kitu kingine.

Kuna gharama ambazo hakuna hospitali itakayokuandikia. Choo cha kuchuchumaa hutaweza kukitumia kwa wiki kadhaa, kwa hiyo nunua au azima kiti cha choo. Daladala sahau, weka pesa ya teksi, na bodaboda usiifikirie, maana huwezi kupanua miguu. Sala utaswali umekaa kitini. Nguo ya kubana utaivaa usiku na mchana kwa wiki kama sita, ndani ya joto letu, kwa hiyo zinatakiwa mbili. Kazi ya mezani utakosa wiki mbili hivi, ya kusimama sokoni mwezi au zaidi. Na mtu wa kukupikia na kukubadilishia bandeji ana nauli na chakula chake hata kama ni dada yako wa tumbo moja.

Madaktari wengi hutaka uzito uwe umetulia kwa miezi sita, na waliofanyiwa upasuaji wa kupunguza tumbo la chakula wasubiri mwaka hadi mwaka na nusu. Sigara iachwe wiki kadhaa kabla. Damu ipimwe, kwa sababu waliopungua haraka, kwa sindano au kwa kisu, mara nyingi wana upungufu wa madini ya chuma na protini, na kidonda hakifungi bila hivyo. Anayetaka mtoto mwingine asubiri azae kwanza.

Mimi? Kipimo changu cha damu kilirudi na chuma kidogo, kwa hiyo kisu kimesogea mbele na pesa inakaa benki. Taiti ni tano sasa. Mwezi uliopita nilirudi kwa fundi na gauni lile lile, akauliza kama akate kitambaa kilichozidi ndani ya mshono.

"Kiache," nilimwambia. "Bado sijaamua."

Akakikunja, akakishonea ndani, akanidai elfu tatu.